Daktari Aliyeomba Mate ya Mzee

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo haijawahi kuniacha. Huja yenyewe bila kuitwa, hasa asubuhi ukungu unaposhuka hapa Kibirichia na kulifunika shamba la viazi hata usione mwisho wake. Naketi mlangoni na kikombe changu cha chai, namsikia ng'ombe wa jirani lakini simwoni, na papo hapo uzee wote unanivuka. Najiona tena msichana aliyeolewa juzi, mtoto mgongoni, nateremka kwenda mjini Meru roho mkononi.

Usinicheke. Nilikuwa msichana kweli. Magoti haya yanayolia nikipanda ngazi za kanisa yaliwahi kukimbia.

Mtoto yule alikuwa kifungua mimba wangu, na kwa desturi yetu mvulana wa kwanza huchukua jina la babu mzaa baba. Akaitwa Kirimi, kama baba mkwe wangu. Lakini mimi, mke wa mwanawe, sikuweza kulitaja jina hilo ovyo ovyo, heshima ilinizuia. Basi mtoto nikamwita Mzee. "Mzee amelala." "Mzee amejikojolea." Wageni walikuwa wakigeuka kumtazama baba mkwe kwa huruma, naye anacheka mpaka machozi yanamtoka. Anacheka, kisha anakohoa.

Baba mkwe alikuwa mjane. Mume wangu, Mwiti, alikuwa fundi wa mawe mjini, amepanga chumba Kinoru, na nyumbani alikuja Jumamosi. Siku nyingi tulikuwa watatu tu: mimi shambani na jembe, na wale Kirimi wawili jikoni wakiota moto, mkubwa amempakata mdogo. Na kila asubuhi, kabla hajampakata, mzee alifanya jambo ambalo wazee wetu walilifanya tangu kale. Alimfunua mtoto kifua, akamtemea mate kidogo, matone tu, akasema: ukue, ule chako, uwazike wazee wako. Usikunje uso, wewe uliyezaliwa ukakuta simu. Mzee akikutemea mate ilikuwa ni kusema hana kinyongo nawe, amekupa alichobakiwa nacho. Mtoto asiyebarikiwa hivyo alihesabiwa kama mgeni aliyesahauliwa mlangoni.

Kisha mtoto akaanza kupungua. Mashavu yalikwenda, shingo ikawa nyembamba, na kikohozi kidogo kikavu kikahamia kifuani mwake. Kila mama jirani aliupa ugonjwa ule jina lake. Huyu alisema ni meno, yule baridi ya mlima, wa tatu akaninong'onezea kwamba ni jicho la mtu. Wanawake wa kanisa walikuja wakaomba, nami nikawashukuru kwa moyo wangu wote. Lakini nilikuwa nimewaona watoto wengine wa kijiji wakipungua namna ile ile, na nilijua walikozikwa. Niliogopa, mwanangu. Niliogopa hata kumwosha, kwa sababu nilipomwosha nilizihisi mbavu.

Mjini palikuwa na daktari mmoja mwanamke ambaye sifa zake zilitutangulia njiani, nzuri na mbaya zikiwa zimeshikana mikono. Aliitwa Daktari Igoki, Mmbeere wa Siakago, kule chini kwenye jua na vumbi ambako sisi wa viazi tukipataja tu tunasikia kiu. Katika pande zetu, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kusomea kutibu watoto peke yao, na wa kwanza kuwafuatilia wale viumbe wadogo wasioonekana kwa macho wanaoleta maradhi. Huko nyuma makohozi ya mtu yalipelekwa Nairobi, na majibu yalirudi wakati wenyewe wameshazikwa. Yeye aliomba apewe chumba cha nyuma ya kliniki, kilichokuwa stoo ya fagio, akaweka hadubini yake.

Watu hawakumwelewa. Ulimi hauna mfupa, na ndimi za foleni ya kliniki ndizo laini kuliko zote. "Huyu anafuga wadudu," waliniambia nikiwa bado sijakaa. "Ananunua mayai na viazi anawalishia, na watoto wetu hawana!"

Na ilikuwa kweli! Niliyaona kwa macho yangu baadaye. Alichukua unga wa viazi, akauchanganya na mayai na rangi ya kijani, akamimina ndani ya vichupa vilivyolazwa ubavu, akavipasha moto taratibu mpaka mchanganyiko ukaganda. Ndani ya kila kichupa kikabaki kilima kidogo cha kijani kibichi, kimelala kwa utulivu, kama vilima vyetu baada ya mvua. Juu ya vilima hivyo ndipo alipopanda alichotoa vifuani mwa watu, akangoja aone kitakachoota. Nilisimama pale nikasahau nilichofuata. Mpaka leo nikilala mchana huviona vile vilima, safu kwa safu, na mwanga wa dirisha ukipita ndani yake.

Lakini natangulia mbele. Siku ile ya kwanza aliniketisha, akamvua mtoto nguo, akamsikiliza kifua kwa muda mrefu sana huku amefumba macho. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kukwaruza, na mikono iliyochujuka kwa kunawa sabuni kila saa. Kimbeere chake na Kimeru changu ni ndugu, ila ndugu wa kugombana, kwa hiyo tuliongea Kiswahili.

"Mama, hii si meno," alisema. "Nani anakohoa kwenu?"

"Ni baba mkwe tu, daktari. Lakini hiyo yake ni moshi. Na uzee."

"Hiyo moshi imekaa kwa kifua yake tangu lini?"

"Tangu mvua ile ingine."

Akaniuliza nani humpakata mtoto, nikamweleza yote, hata ya mate. Kisha akanieleza jambo ambalo nimewaeleza kina mama wengi tangu hapo. Mtu mzima akikohoa hutema. Mtoto mdogo akikohoa humeza. Kwa hiyo kifua kikuu cha watoto kilikuwa kikiwapita waganga na wauguzi mchana kweupe, kwa sababu walikuwa wakingoja mtoto ateme. Yeye aliamua kukifuata kilikokwenda, tumboni, alfajiri kabla mtoto hajanyonya. Akaniambia kwamba mama yake aliwazika wadogo zake kule Siakago, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alizikwa na jina la uongo: huyu meno, huyu jicho. "Nilitaka tu kujua jina la kweli," alisema, akamfunga mwanangu vishikizo.

Tulilazwa. Alfajiri ile ya kupimwa nilimnyima mtoto titi, na kama wewe ni mama unajua nililolipata. Mpira mwembamba ulipitishwa puani, ukashuka mpaka tumboni. Mwanangu alilia, nami nikalia kumshinda. Daktari alikuwa akimwimbia wimbo wa Kimbeere chini kwa chini, hata sijui kama alijua kwamba anaimba. Mchana alirudi, akaketi kitandani petu. Alikuwa amewaona wale wadudu. Walikuwa wachache, lakini walikuwa wenyewe. Vichupa vingethibitisha baadaye, kwa maana wale huota polepole kuliko mbegu ya viazi, ila dawa ingeanza siku hiyo hiyo.

"Dawa itamponya," alisema. "Lakini sitampeleka nyumbani arudi kwa ile paja. Mzee lazima apimwe."

Hapo ndipo mambo yalipokwama. Nilimweleza Mwiti jioni ile alipokuja kututazama wodini, akashika kichwa. "Siwezi kuambia baba yangu hiyo maneno," alisema. Na nilimwelewa. Kwetu, kumwambia mzee kwamba baraka yake ndiyo inayomla mjukuu ilikuwa sawa na kumlaani yeye na boma zima. Waliwahi kusema wahenga kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini hapa asiyeficha kitu chochote, mtoto wa kubebwa, ndiye ambaye kifo kingemchukua kwanza. Nilikaa kati ya heshima na mwanangu, nikawa sipati pa kuegemea.

"Basi mimi nitakuja," alisema daktari nilipomrudia bila jibu.

Akaja Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, akiendesha gari lake mwenyewe, mimi na mtoto tukiwa nyuma. Koti lake jeupe aliliacha garini. Ukungu ulikuwa umeshatanda, na baba mkwe akatokea ndani yake polepole, kwanza kofia, kisha fimbo, kisha uso wote umefurahi, mikono imenyooshwa kumpokea wajina wake. Daktari aliingia katikati yetu kana kwamba ndivyo njia ilivyokwenda, akaishika ile mikono miwili kwa mikono yake miwili, akamwamkia kwa unyenyekevu mpaka mzee akasahau alikuwa anaelekea wapi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Sijawahi kuiona methali ile ikitembea kwa miguu yake kama siku ile.

Tuliketi nje, mimi na mtoto mbali kidogo, upande upepo unakotokea. Daktari alianza kueleza taratibu. Lakini Mwiti, ambaye juzi hakuwa na ulimi, hofu ilimzidi, akaruka:

"Baba, ni wewe! Ni wewe unamaliza mtoto!"

Nilimwona baba mkwe akizeeka pale pale.

"Mwiti, nyamaza," daktari alisema, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Baba yako hana kosa. Yeye alifungua mlango ya baraka, huyu mdudu akapitia hapo hapo. Wewe ukipigana na mlango, mdudu anabaki ndani." Kisha akamgeukia mzee, akatoa mkebe mdogo wenye kifuniko. "Mzee, hata sisi Wambeere tunatemea watoto mate. Mimi mwenyewe nilitemewa. Sijakuja kukataza mate yako. Nimekuja kuiomba."

Baba mkwe aliutazama mkebe kama mtu anayetazama nyoka. Ujue kwamba wazee wale hawakuacha mate yao mikononi mwa mtu wasiyemjua. Mwenye nia mbaya angeweza kukuharibia maisha kwayo.

"Mate ya mzee haiwekwi kwa mkebe," alisema. "Unataka kuipeleka wapi?"

"Kwa meza yangu. Nitaiangalia na macho yangu. Hakuna mtu mwingine ataguza."

"Na utaona nini?"

"Sijui, mzee. Ningekuwa najua, singekuja kukusumbua."

Mwanangu, nimewasikiliza watu wengi wenye elimu tangu siku ile, maaskofu, wabunge, hata wajukuu zangu waliorudi kutoka chuo. Wachache sana wana neno hilo, sijui. Lilitoka kinywani mwa mwanamke aliyesoma kutushinda sote, akiwa amekaa kwenye kigoda cha jikoni kwangu, na nikaona mabega ya mzee yakilegea.

Alinyanyuka, akaenda shambani. Viazi vilikuwa vimechanua, maua meupe na ya zambarau yakielea kwenye ukungu, na yeye akasimama katikati yake hata ikabaki kofia tu. Tukamsikia anakohoa. Kilikuwa kikohozi kirefu, cha kuchimba, na safari hii hakuna aliyekiita moshi. Kisha akarudi. Aliuchukua mkebe, akatoa ya ndani kabisa, akaufunika, akaunyoosha. Daktari aliupokea kwa mikono miwili, magoti yamekunjwa kidogo, kama unavyopokea asali kwa mkubwa wako.

Mimi na mtoto tukarudi naye kliniki. Wadudu walikuwepo, bila shaka. Walikuwa wengi. Lakini mzee hakutaka kuambiwa, alitaka kuona. Alivaa koti lake la Jumapili, akateremka mjini, akaingia kile chumba cha vilima vya kijani. Daktari alimwekea kiti mbele ya hadubini. Mzee akavua kofia kwanza, kama yuko kanisani, akainama.

"Naona mbingu," alisema baada ya kitambo. "Buluu tupu."

"Angalia tu. Usiharakishe."

"Sasa naona nyuzi. Nyekundu. Ndogo ndogo." Akakaa pale muda mrefu, nasi tukangoja. "Hata ni warembo," alisema polepole. "Na wanakula mjukuu wangu."

"Ndiyo, mzee."

"Dawa yake ni chungu?"

"Si chungu sana. Ni refu."

"Urefu si kitu," alisema. "Mimi nimepanda viazi maisha yangu yote."

Kuanzia siku hiyo alihamia stoo ya mbegu, ng'ambo ya ua, akaondoa mbao za dirisha ili upepo uingie. Hakuna aliyemfukuza, alikwenda mwenyewe. Vidonge vyake alivimeza kila asubuhi mlangoni, akinionyesha kinywa kitupu kama mtoto wa shule, na mimi nikiangalia pembeni kwa aibu ya kumkagua baba mkwe. Kisha alitembea mpaka mwisho wa shamba, akauelekea Kirimaara, mlima wetu, hata siku ambazo mawingu yaliuficha wote. Huko akatema mate kifuani mwake mwenyewe, akamtaja mtoto kwa jina. Sauti ilitufikia kupitia ukungu, lakini yeye hatukumwona. Nilikuwa nikisimama jikoni na mwanangu, nikimfunua kifua chake, tukipokea kwa mbali. Sijui kama ilifaa kitu. Nilijisikia nimebarikiwa, basi.

Mtoto alirudi kuwa mtoto. Mashavu yalikuja, sauti ikaja, akaanza kutambaa. Na asubuhi moja, nikiwa natwanga, alitoka jikoni peke yake, akauvuka ule ua, mikono na magoti kwenye matope, akielekea stoo. Alimkumbuka! Babu alikuwa mlangoni. Mtoto akainua mikono yote miwili abebwe.

Mzee alirudi nyuma.

Alirudi nyuma hatua kwa hatua, mgongo ukagota ukutani, kiganja kimefunika mdomo, macho yamejaa. Mtoto akamfuata akilia, akiwa haelewi kwa nini anakimbiwa. Nilikimbia nikamwokota. Nililia siku nzima, na usiniulize ni kwa huzuni au kwa shukrani, kwa sababu mpaka leo sijajua. Sijaona upendo mkubwa kuliko huo, wa mzee mwenye kiu ya mjukuu wake akijibana ukutani ili asimguse.

Miezi ilipita, mvua ikaja ikaenda, tukavuna, tukapanda tena. Hatimaye Daktari Igoki akapanda mwenyewe hadi Kibirichia. Alikuwa amepima mate ya mzee mara kwa mara, na alikuwa amengojea vichupa vya mwisho kwa subira yote aliyokuwa nayo. Vilima vilibaki vya kijani. Hapakuota kitu.

Mwiti alikuwepo, majirani wakaja, hata wale wa foleni. Nilimweka mtoto mikononi mwa babu yake. Mzee alimshika kwa uoga, akamnusa kichwani, akamfunua kifua. Tuliona shavu lake likikusanya mate. Kisha akasita, akanirudishia mtoto.

"Hapana," alisema. "Si huyu kwanza."

Akamwita daktari. Akamwambia afungue mikono. Sasa ujue pia kwamba Daktari Igoki hakuwa na mtoto wa kuzaa, na watu wale wale waliosema anafuga wadudu walilisema na hilo, tena kwa sauti ya kumfikia. Alifungua ile mikono iliyochujuka kwa sabuni. Baba mkwe akatema kwenye viganja vyote viwili, akasema: "Mikono hii izae. Kila mtoto atapona kwa mikono hii, ni wako. Wakuzike wao."

Mimi niliyemwona akinawa kila alipogusa mtu, nilimtazama. Hakufuta. Alivifumba viganja taratibu, akavibana kifuani pake, akalia mbele yetu sote bila kujificha. Ndipo mzee akamrudia mjukuu wake.

Baba mkwe alilala usingizi wa milele miaka mingi baadaye, kwa uzee tu. Daktari naye amepumzika kwao Siakago, baada ya kuwafundisha madaktari wengi kuyafuata makohozi ya mtoto kule anakoyameza. Tulishuka kutoka milimani siku ile ya kumsindikiza, na waliobeba jeneza, kwa zamu, walikuwa watu aliowatibu wakiwa wachanga. Kirimi wangu alishika upande wa kichwa.

Basi sikia, mwanangu, nikuambie nilichokitoa huko. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini usiichome nguo. Ivue, uifue, uivae tena. Ukiona desturi ya wazee imeingiwa na hatari, usiitukane mbele yao ili uonekane umesoma. Iombe ingoje. Ukweli mwambie mkubwa wako, mwambie wote, lakini umwambie ukiwa umemshika mikono. Usipojua, sema hujui. Na ikitokea siku moja kwamba wewe ndiwe mwenye kikohozi, au hasira, au ulevi, au chochote kinachowaambukiza uwapendao, usingoje kufukuzwa. Toka mwenyewe, ukatibiwe mpaka mwisho, hata mtoto akikulilia. Huko kurudi nyuma nako ni kumpakata.

Mungu akutunze, mwanangu. Akupe kifua chepesi na usingizi mzito. Akupe watu wa kukutakia mema kwa midomo yao, na moyo wa kuyapokea hata yakija kwa mbali. Na utakapoinuliwa mikono na mtoto wako, ukute u mzima wa kumbeba.